Boma Lililoonekana Kutoka Angani

Malimi alifika Iringa Alhamisi asubuhi, mwaka 1976, akiwa amebakiwa na siku nne tu. Tangazo la mradi wa bonde lilikuwa limebandikwa kwenye ghala la mpunga kule Usangu, na halikumung'unya maneno: mfugaji asiyeweza kuthibitisha kuwa amekuwa na makazi ya kudumu tangu mwaka 1973, ikifika Jumatatu awe ameondoka, yeye na jamaa zake na mifugo yake. Aende wapi? Hilo tangazo halikujisumbua nalo.

Na Malimi alikuwepo, jamani. Aliingia Usangu mwaka 1972 akitokea Usukumani, na mkewe Mbuke, watoto watano na ng'ombe wake. Lakini balozi wa nyumba kumi aliyemwandikisha alikuwa amekufa, daftari lake limeliwa na mchwa, na wakubwa hawakutaka mashahidi wa mdomo. Walisema kila mfugaji ana mfugaji mwenzake wa kumshuhudia.

Alikuwa ameanzia Mbeya. Huko alizungushwa ofisi hadi ofisi siku mbili nzima, mpaka mpiga chapa mmoja, mama aliyeitwa Lusia, akamwonea huruma. Akamwambia kwamba Wamarekani wamerusha chombo angani, kinaizunguka dunia kikipiga picha, na picha za Usangu ziko kabatini Iringa, kwenye ofisi ya mradi.

"Kama ulikuwepo, mzee, kitakuwa kimekuona," alisema.

Malimi hakucheka. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Wakati ule angeambiwa hata mwezi una karani wake, angeuliza ofisi yake iko mtaa gani.

Mwenye kabati alikuwa Alinanuswe, mtaalamu wa ramani, kijana wa Rungwe mwenye adabu zake. Alimkaribisha Malimi kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kanuni: picha moja tu ya mwaka 1973 inayoonyesha boma lake la ng'ombe ingetosha. Kila picha inayotolewa kabatini kwa ajili ya shauri inaandikwa namba yake kwenye fomu, na ikishaandikwa haifutwi.

"Tatizo, mzee wangu, hapa watu wengi wamekuja kutafuta, hakuna aliyewahi kupata kitu. Wote wanaona madoa tu."

Akaitandaza mezani picha ya 1973. Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe, kubwa kama sinia la pilau, na ndani yake Usangu yote. Malimi aliinama. Mwanzoni na yeye aliona madoa tu, akajua amekwisha. Kisha akaliona giza la Ihefu, kinamasi chenyewe. Akauona mto. Akaweka kidole pale unapojikunja, akakipeleka polepole upande wa machweo kama mtu anayerudisha ng'ombe nyumbani, akavuka kijito kilichokauka, akasimama.

"Nipe hicho kioo chako."

Chini ya kioo cha kukuzia palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mtama. Ardhi iliyokanyagwa na ng'ombe mia tatu.

"Ni hapa! Hapa ni kwangu!"

Alinanuswe akapima kwa rula, akalinganisha na ramani, akapima tena. Akatabasamu. Doa lilikuwa mahali pale pale Malimi alipotaja kwenye maelezo yake. Akaandika namba ya picha.

Laiti Malimi angeaga wakati ule! Lakini mtu aliyeitwa mwongo miezi mitatu, siku akiaminiwa mdomo haufungiki. Machozi yalikuwa yanamtoka, anacheka.

"Toa na za miaka mingine. Toa zote! Wasije kusema kesho niliondoka."

"Hii moja inatosha, mzee."

"Toa, mwanangu, nakuomba."

Kijana akazitoa, akaandika namba zake. Kwenye picha ya 1974 Malimi alilipata doa haraka, safari hii juu kidogo ya kijito. Kwenye ya 1975 lilikuwa ng'ambo.

"Unaona? Hapa tulihamisha boma. Masika zizi linajaa mavi na matope, ndama zinaoza kwato. Mfugaji anayejua kazi haachi ng'ombe zake zilale kwenye uchafu. Na huku tukahamisha tena!"

Alisema kwa majivuno, kama mkulima anavyoonyesha shamba lililopaliliwa. Akashtuka kuona kalamu ya kijana imesimama.

"Kwa hiyo umehama mara mbili," Alinanuswe alisema.

"Boma ndiyo imehama. Nyumba haijahama hata hatua moja."

"Nionyeshe nyumba."

Malimi alichukua kioo tena. Alitafuta kwenye picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliijua ilipo kama anavyojua pua yake ilipo, na pale palikuwa na weusi mtupu.

"Ina vyumba vinne," alisema. "Ina uzio wa minyaa. Watoto wangu wawili wamezaliwa mle."

"Chombo hiki hakioni kitu kidogo kuliko uwanja wa mpira, mzee wangu. Nyumba haionekani. Kinachoonekana ni boma, na boma liko mahali patatu kwa miaka mitatu. Mkuu wangu ataliita hilo kuhamahama. Sina namna nyingine ya kuliandika."

"Rudisha hizo mbili kabatini."

"Nimeshaziandika."

Malimi, mtu mzima mwenye wajukuu, aliteremka kwenye kiti akapiga magoti mbele ya kijana wa umri wa mwanawe. Hakuona aibu; aibu ni ya mtu mwenye pa kwenda. Alinanuswe alimshika mikono kumwinua, na yeye machozi yakimlenga, lakini fomu ilibaki vile vile.

Malimi alizigeukia tena zile picha.

"Hiki chombo," alisema, "kinarudi lini kupita kwetu?"

Kijana aliangalia jedwali ukutani. "Jumanne hii. Saa tatu na nusu asubuhi."

"Jumanne." Malimi alihesabu kwa vidole, Jumatatu ya kuondoka, usiku mmoja, asubuhi. "Jumanne saa hizo tutakuwa njiani na ng'ombe zote. Kitatukuta tunahama kweli."