Nilipima Viti

Kila mtu na kipimo chake. Fundi cherehani ana utepe, muuza mafuta ana chupa, mimi nina kiti cha plastiki. Ndiyo kazi yangu: nakodisha viti, maturubai na masufuria makubwa ya shughuli, na mtaa mzima unaniita Mama Turubai, jina ambalo mwanzoni lilinikera na sasa nisipoitwa hivyo sigeuki. Ukinionyesha uwanja, nitakuambia unaingia viti vingapi kabla hujamaliza kufungua geti. Bwana yangu wakati wa uchumba alinionyesha chumba alichopanga, akasubiri nimsifie pazia. Mimi nikasema, "Kinaingia viti thelathini, ukitoa kitanda." Akanioa hivyo hivyo, Mungu amlipe.

Miaka yote nilikuwa nakodi magari ya watu kubebea mzigo wangu, na wenye magari unawajua. Anakuambia yuko njiani, kumbe bado yuko kitandani anatafuta kiatu. Viti vinafika shughulini wageni wameshasimama hadi miguu imevimba, na anayetukanwa ni mimi. Kwa hiyo siku tulipojiweza kununua pikapu yetu wenyewe, nilitembea mtaani shingo juu, nikisalimia hata niliokuwa nimewanunia.

Nyumbani tuko watatu: mimi, bwana yangu na mama yake. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilipoolewa yalikuwa yameshaingia ukungu, kwa hiyo mimi sura yangu hakuwahi kuiona. Kwake nilikuwa sauti na mkono. Lakini usimwonee huruma haraka. Viti vikirudi kutoka shughulini, yeye ndiye mkaguzi. Anakaa barazani, anavipapasa kimoja kimoja, huku ananipa ripoti: "Hiki kimepata ufa. Hiki mtu kabandika chingamu, na nikimjua nitamtafunisha tena." Tunacheka mpaka jirani anauliza kulikoni. Wengine wana mama mkwe, mimi nina mwenzangu.

Daktari alikuwa amesema macho yake yanatibika, ila litafanywa moja kwanza, kisha atahitaji kurudi kliniki mara kwa mara. Asubuhi tulipokuwa tunatoka kwenda kununua gari, mama alinishika mkono mlangoni.

"Mwanangu, mnunue ambalo na mimi nitapanda. Na wewe uwe pembeni yangu. Mimi hospitali bila mkono wako siendi."

"Utapanda, mama. Wasiwasi wako tu."

Nilijibu hivyo huku macho yangu yakiwa kwenye mkokoteni. Maana nilikuwa nimekodi mkokoteni, nikaupakia viti vyangu na nguzo za turubai, twende navyo yadi ya magari. Gari utalijuaje bila kulijaribisha mzigo? Bwana yangu alitembea hatua kadhaa nyuma yetu, kama mtu aliyekutana na sisi kwa bahati mbaya.

Muuzaji wa yadi alikuwa kijana nadhifu, viatu vinang'aa. Alituona, akaona mkokoteni, akasema, "Mama, soko la vyombo liko mtaa wa pili."

"Nimekuja kununua gari. Nionyeshe, na usimame pembeni."

Akatuonyesha kwanza pikapu ya milango minne, ina viti mbele na nyuma, inang'aa. Nikapandisha viti. Bodi la nyuma la kupakilia lilikuwa fupi. Mnara wa viti ukaota nje, nguzo za turubai zikatokeza kama mikia. Nikashuka nikipangusa mikono.

"Hili la kubebea makalio ya mameneja. Jingine."

Bwana yangu akakohoa. Bwana yangu akikohoa ana neno. "Mke wangu, hili lina nafasi ya watu. Mama naye..."

"Mama ataingia. Mtu anajikunja, kiti cha plastiki hakijikunji." Jamani! Na nilisema kwa sauti ya mwalimu.

Nilipanda na kushuka pale hadi jua likanichoma utosi. Muuzaji akanong'ona kwa bwana yangu kwamba mchagua jembe si mkulima. Nilimsikia, nikajifanya sijasikia, maana nilikuwa nimeshaiona pikapu ya pembeni kabisa, milango miwili, bodi refu. Viti viliingia vyote. Nguzo zikalala chini, masufuria yangekaa juu, na nafasi ikabaki. Nikapiga makofi peke yangu kati ya yadi.

Muuzaji, masikini, alijaribu kunisaidia. "Mama, familia mko wangapi?"

"Familia inakaa nyumbani. Vinavyosafiri ni viti."

Akacheka, nami nikacheka. Nilidhani tunachekea kitu kimoja.

Tulipofika nyumbani nilipiga honi mimi, kwa mkono uliovuka kifua cha dereva. Mama akatoka na fimbo yake. Akaanza kulipapasa gari kama anavyopapasa viti, kuanzia taa, boneti, kioo, mlango. Akafungua, akapapasa kiti cha abiria. Akanyoosha mkono mbele zaidi, akakuta gia, akakuta kiti cha dereva. Akarudi, akafuata ubavu wa gari kwa vidole hadi akafika kwenye bodi.

"Mlango wa nyuma uko wapi?"

"Hakuna wa nyuma, mama."

"Sawa. Mwanangu anaendesha. Mimi nakaa hapa. Wewe je?"

Nikaligeukia lile bodi. Bwana yangu akakohoa, safari hii bila kuongeza neno, na hilo ndilo lililoniuma. Mwanamke mzima, mpimaji hodari, nilipima viti, makalio sikuyapima! Hata viti vyenyewe nilivipima vitupu, kana kwamba kuna mtu anakodi viti ili avitazame.

Mama hakugomba. Alisema tu, "Aa," akarudi ndani akitafuta ukuta kwa fimbo. Afadhali angegomba.

Jioni akaja shemeji yangu, mdogo wake bwana yangu, na gari lake dogo safi lenye viti laini. Amekuwa akimtaka mama ahamie kwake siku nyingi, na hakuwa na sababu. Mimi nikampa sababu, tena niliyoinunua kwa hela yangu. Alilizunguka gari letu, akatikisa kichwa.

"Kaka, hili gari la mzigo. Mama ana kliniki kila mara, mtampeleka vipi? Aje akae kwangu. Gari langu lina viti vya watu."

Lile neno "vya watu" alilisema akinitazama mimi. Nilitamani kumjibu jibu la kumnyoosha. Ila maneno yake yalikuwa kweli tupu.

Wote tukamtazama mama. "Nitaamua jicho likifunguliwa," akasema. "Nataka niamue nikiwa naona."

Usingizi ulinipaa. Nilikuwa namwaza barazani kwa mke wa shemeji, hana kiti cha kukagua, hana wa kucheka naye. Hapana, nisijifanye mwema. Nilikuwa najiwaza mimi, viti vimerudi, na baraza tupu.

Siku ya operesheni ikafika. Ningeweza kukodi teksi. Lakini mtu ananunua gari wiki hii, halafu wiki hii hii anakodi teksi, majirani watalala? Kumwomba shemeji ndiyo kabisa, ningekuwa nampakia mama na mizigo yake. Nikafanya lililobaki. Nikaweka kiti kimoja cha plastiki nyuma ya pikapu, nikakifunga kwa kamba ya turubai, nikapanda, nikajifunga na mimi. Mama akakaa mbele. Dirisha dogo la nyuma likafunguliwa, nikapitisha mkono wangu, akaushika.

Tukaondoka hivyo. Mtaa mzima ulitoka. "Mama Turubai, unagombea ubunge?" Nikapunga mkono uliobaki, ningefanya nini?

Njiani trafiki akatusimamisha. Akazunguka nyuma, akanitazama kwa muda.

"Huyu ni abiria au mzigo?"

Bwana yangu hajui kusema uongo, nikamwahi. "Mzigo, afande."

"Umefungwa vizuri?"

Nikamwonyesha kamba. Akageuka akaegemea pikipiki yake, mabega yanacheza, akatupungia twende zetu. Nilisikia mle mbele mama naye anacheka, na kiganja chake kikanibana zaidi. Nilifurahi. Halafu nikakumbuka anaweza kuwa ananicheka kwa mara ya mwisho, nami nikambana.

Operesheni ilikwenda salama. Alirudi nyumbani siku ile ile, jicho limefunikwa, na kesho yake asubuhi tukatakiwa turudi akafunguliwe. Nikavaa gauni langu la maana, nikasuka nywele. Nilitaka mama akiniona kwa mara ya kwanza aone mtu. Kisha nikapanda tena kiti changu cha plastiki kule nyuma.

Sasa, bwana yangu ana sifa nyingi, ila tangu azaliwe hajawahi kulipita gari lingine barabarani. Mbele yetu likaingia lori la magunia ya pumba za mahindi, na magunia yenyewe yalikuwa yamechoka. Nikagonga kioo. "Lipite!" Yeye akanyanyua kidole gumba, akaelewa labda namsifia. Lori likapepeta, mimi nikapokea. Pumba zikaingia nyweleni, kwenye nyusi, kwenye shingo, kwenye gauni la maana. Tulipofika hospitali nilijipangusa nikazidi kuzisambaza tu.

Shemeji alikuwa ameshafika, shati limepigwa pasi, funguo zinaning'inia kidoleni. Tukaingia wote. Nesi akaondoa bandeji taratibu, akasafisha jicho, akamwambia mama alifungue. Akalifungua. Likatoa machozi, akalipepesa. Akamtazama bwana yangu, akatabasamu. "Umenenepa." Akamtazama shemeji. "Wewe umefanana na baba yako, Mungu akusaidie." Kisha akanifikia mimi. Akanitazama kwa heshima zote, nilivyokuwa mweupe wa pumba kuanzia utosini.

"Na bibi huyu mwenzangu," akamwambia nesi, "naye kaja kufunguliwa jicho?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani walikuwa wananionea huruma.

"Ni mimi, mama."

Akashtuka. Akaninyooshea mkono, nikasogea, na hakuniangalia kwanza. Alifumba lile jicho alilopewa kwa taabu yote ile, akanipapasa uso, paji, pua, mashavu, kama anavyokagua kiti. Halafu akalifumbua, akachukua upindo wa mtandio wake akaanza kunipangusa.

"Nani kakumwagia haya?"

"Lori, mama. Nilikuwa nyuma. Ulisema huendi bila mkono wangu, na mbele hakuna nafasi, na gari nililichagua mimi." Nikaanza kulia pale pale mbele ya nesi. "Nilikuahidi utapanda na mimi pembeni yako, nikaenda kupima viti."

"Nyamaza, utaninyima hata kukuona vizuri."

Shemeji akaona huo ndio wakati wake. Akatikisa funguo. "Mama, gari liko hapo mlangoni. Kiti nimekilaza, na vitu vyako nitavifuata baadaye."

"Liko safi?" mama akauliza.

"Safi kabisa."

"Vizuri. Basi mpakie shemeji yako, amechakaa mtoto wa watu. Mimi napanda na kaka yako."

Shemeji akashika mlango. "Nimpeleke wapi?"

"Nyumbani kwetu. Nina viti sijavikagua tangu juzi."

Nikarudishwa nyumbani kama malkia, kwenye kiti laini cha shemeji, nikikichafua toka mgongoni hadi magotini. Machozi na pumba vilichanganyika vikawa uji shingoni. Mbele yetu pikapu ilikwenda mwendo wa kobe, na dirishani kilitokeza kichwa cha mama kinatazama miti, maduka, mbwa, kila kitu. Kila baada ya kitambo alikuwa akigeuka nyuma kuhakikisha nafuata. Shemeji alisonya njia nzima. Sikumlaumu, kiti chake kilikuwa kimekwisha.

Wiki mbili baadaye tukarudi yadi kubadilisha gari. Kijana wa viatu vinavyong'aa aliniona getini, akachungulia nyuma yangu kutafuta mkokoteni. Nilikuja na bwana yangu na mama tu. Ile pikapu ya milango minne, ya makalio ya mameneja, bado ilikuwepo. Bodi lilikuwa fupi vile vile. Nilijua kwa jicho tu ni viti vingapi vitabaki vikisubiri safari ya pili, na iliniuma, nisikudanganye.

"Leo hupimi, mama?" kijana akauliza.

"Napima."

Nikafungua mlango wa nyuma. Mama akaweka fimbo ndani kwanza, akapanda mwenyewe, polepole, akitazama anapokanyaga. Akakaa. Akanyoosha miguu, akajitikisa kushoto na kulia, kisha akasogea hadi dirishani. Akapiga kiti kwa kiganja, pale pembeni yake palipobaki.

"Panda," akaniambia.