Siku ya Tisa na Kiti cha Mkubwa

Siku ya kwanza waliambiwa wasubiri siku saba. Siku ya saba wakaambiwa wavute subira. Sasa ilikuwa siku ya tisa, na Msumari, fundi wa makochi, alikuwa amekwisha kuwasema wakubwa wote wa hospitali kwa vyeo vyao, kuanzia mkuu mwenyewe hadi mshika funguo za stoo, na alikuwa anaanza tena kutoka juu asije akamsahau mtu.

Jina la Msumari alipewa na dada yake wakiwa wadogo, kwa sababu popote alipokaa lazima mtu mwingine aruke. Ulimi wake ulichoma tangu zamani. Alipofiwa na mke, miaka mitatu iliyopita, ukapata na kutu. Karatasi za mkewe zilikaa mezani zikingoja saini ya mkubwa, na mkubwa alikuwa mkutanoni. Aliporudi alisaini vizuri sana, kwa wino wa bluu, ila mwenye karatasi hakuwepo tena. Watu humwambia Msumari eti subira huvuta heri. Yeye hujibu kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu aliyekaa upande wa ndani wa dirisha.

Na sasa zamu ilikuwa ya dada. Mwaka mzima dada alikuwa ameizunguka hospitali ile kama punda wa kinu. Alikatwa titi la kushoto, akatundikiwa dripu zilizoondoka na nywele zake, kisha akapigwa mionzi. Dawa zilipokwisha, kikabaki kipimo kimoja tu, skani, ya kuona kama ugonjwa umetoka au umejificha chumba kingine. Akapigwa picha, akaambiwa aende zake, majibu yakiwa tayari atapigiwa simu.

Ajabu ni kwamba mgonjwa ndiye aliyekuwa akimtuliza mzima. Dada alikuwa na utaratibu wake. Muuguzi mmoja wa chumba cha dripu alimfundisha kwamba hofu ni kama mgeni asiye na adabu: ukimfukuza atazunguka mlango wa nyuma, basi mpangie saa ya kuja. Dada akampangia saa nane mchana. Saa nane ikifika anaacha cherehani, anakaa kwenye kigoda karibu na rundo la sponji, anaweka simu gotini, na kwa nusu saa anaogopa kwa bidii zote. Anaogopa kufa, anaogopa dripu, anaogopa nani atakata vitambaa maana Msumari hukata kama panya. Nusu saa ikiisha anakung'uta gauni, anarudi kazini. Hofu ikimjia asubuhi anaiambia, kwa sauti kabisa, irudi saa nane. Wateja walishazoea. Mmoja aliwahi kudhani anaambiwa yeye, akaondoka, akarudi saa nane.

Sharti la pili lilikuwa hili: kabla ya saa nane haruhusiwi kuigusa simu. Ikiita ataisikia. Na simu ilikaa mahali pake, ndani ya sidiria, upande wa kushoto, pamoja na titi la bandia alilojishonea mwenyewe kwa mabaki ya sponji ya kochi la watu watatu. Sponji ya daraja la kwanza, alikuwa akisema. Hili la kulia limeshalegea, lakini la kushoto lina dhamana ya miaka mitano.

Siku ya saba, kama vile shetani anajua ratiba, dereva wa hospitali aliwaletea kazi. Kilikuwa kiti cha mkuu wa hospitali, kikubwa, cheusi, chenye mikono ya kuegemea, kilichobonyea upande mmoja. Msumari alitaka kukirudisha kilikotoka. Dada akamwambia kiti hakina kosa, kosa ni la aliyekikalia, na kazi ni kazi. Basi Msumari akakivua ngozi huku akiwaonyesha wapita njia pale kilipobonyea. Mnaona, aliwaambia, huyu mkubwa analalia sikio moja, ndiyo maana sisi wa upande wa pili hatusikiki.

Asubuhi ya siku ya tisa walikimaliza. Dada aliinama juu ya kiti, akaikandamiza sponji kwa kifua na mikono yote miwili, kama ilivyo kawaida, ili Msumari avute ngozi na kuigongea misumari. Kazi hiyo waliifanya kwa ulinganifu wa watu waliofanya kazi pamoja miaka ishirini: huyu anashindilia, yule anavuta, huyu anatoa mkono, yule anapiga nyundo. Halafu, kama wafanyavyo mafundi wote, Msumari akaandika namba yake ya simu kwa chaki chini ya kiti. Saa nne dereva akaja, akakibeba.

Saa nane ilipofika dada alikaa kwenye kigoda chake, akaingiza mkono kifuani, na mkono ukatoka na sponji.

Akaingiza tena. Sponji.

Msumari anasema hajawahi kumwona dada yake akiwa na rangi ile, hata siku za dripu. Walipindua mito, wakamwaga gunia la vipande, wakasogeza cherehani. Msumari akaipiga namba ya dada kwa simu yake mwenyewe. Ilikuwa inaita, maana yake haikuzimwa, maana yake hakuna mwizi, lakini karakanani hakukusikika kitu. Hapo ndipo hofu iliposahau kwamba ilipangiwa nusu saa. Dada alishika mkasi akafumua kochi la mteja lililokwisha siku iliyotangulia, kisha akafumua la pili, na Msumari, ambaye siku nyingine angelia kwa kazi ile kuharibika, alimshikia kitambaa asijikate. Huku anapiga. Inaita, inaita, hakuna anayepokea. Dada alisema, polepole, kwamba labda wamepiga wakakosa mtu, na sasa karatasi yake imerudi chini ya rundo. Msumari akapiga tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye rundo lile alilijua.

Mara simu yake ikaita mkononi. Alikuwa sekretari wa mkuu wa hospitali. Namba ameitoa chini ya kiti.

"Fundi," alisema, kwa sauti ya mtu anayezuia kicheko mbele ya bosi wake, "kiti chako kinaita. Mkuu amesimama tangu saa sita."

Msumari alimtazama dada, dada akatazama kifua chake, upande wa kushoto. Wote wawili wakaliona jambo lilivyotokea. Upande ule, tangu apasuliwe, ulikuwa ganzi. Unaweza kumchoma sindano asijue. Simu ilikuwa imeteleza alipoinama, ikaingia katikati ya sponji mbili, na Msumari mwenyewe, kwa mikono yake, akaigongelea misumari arobaini.

Angecheka, lakini dada alimnyang'anya simu. Alimwuliza sekretari mara ya kwanza kiti kiliita saa ngapi. Saa sita kamili, sekretari alijibu. Sasa wao walianza kupiga saa nane na dakika kadhaa. Kwa hiyo kuna mtu mwingine aliyepiga saa sita.

Walitoka hata mlango hawakufunga.

Ofisi ya mkuu ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, kwa sababu wagonjwa hawapandi ngazi. Mkuu alikuwa amesimama dirishani na faili mkononi, mtu mzima, mweupe wa nywele, na kiti kiko katikati ya chumba peke yake kama mshtakiwa. Msumari hakusalimu. Alikipindua kiti miguu juu, akatoa koleo, akaanza kung'oa. Msumari wa kwanza, wa pili, wa kumi. Alipofika nusu dada hakungoja, alipenyeza mkono hadi kwenye kiwiko, akaitoa simu, ya moto kama yai lililotagwa sasa hivi.

Msumari alikuwa amepiga mara kumi na sita. Namba nyingine moja, isiyojulikana, ilikuwa imepiga mara tatu. Sekretari aliitazama akasema hiyo ni ya humuhumu, chumba cha picha, chini.

Mkuu aliuliza, kwa upole wa watu wa vyeo, kama kuna mtu anayeweza kumweleza kinachoendelea ofisini kwake.

Dada alimweleza. Hakupandisha sauti wala hakushusha. Alisema amekatwa upande huu hospitalini kwako, mkuu, na upande huu hausikii kitu, simu imeteleza bila yeye kujua. Alisema aliiweka hapo kwa sababu alikuwa anasubiri kupigiwa na hospitali hii, aliambiwa siku saba, na leo ni ya tisa.

Mkuu alikohoa. Akasema kuna upungufu wa wasoma picha, kuna utaratibu, lakini jambo hilo atalifuatilia. Msumari alilijua neno hilo. Ni blanketi wanalowafunikia wafu. Miaka mitatu alikuwa ameitunga hotuba ya siku atakayokutana na mtu huyu uso kwa uso, yenye mke wake ndani, na wino wa bluu, na mkutano. Alifungua mdomo, na hotuba yote haikuonekana ilikokwenda. Kilitoka hiki tu:

"Sisi tumengoja siku tisa, mkuu. Wewe umengoja saa mbili, na umesimama."

Sekretari aliinama kutafuta kitu chini ya meza, akakaa hukohuko. Mkuu alikitazama kiti kilicholala chali, akatazama faili lake. Dada alikuwa ameshafika mlangoni. Msumari akamfuata akiwa na koleo mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze ufundi akaiacha kazi ya mtu wazi.

Chumba cha picha kilikuwa mwisho wa korido ndefu. Daktari alikuwa msichana mdogo, mwenye macho mekundu ya kutazama mwanga. Alimwonyesha dada kiti, dada akakataa. Msumari alisimama nyuma yake, mkono mmoja umemshika bega, lile la kulia, linalosikia.

"Mama, nimekupigia mara tatu," daktari alisema. "Picha yako ni safi. Hatuoni kitu."

Dada alimwomba arudie. Akamwomba arudie tena, taratibu, kama anavyowaambia wateja wanapotaja vipimo vya kochi. Daktari akarudia, akiigusa picha kwa kalamu: mapafu safi, ini safi, mifupa safi. Arudi baada ya miezi sita kuangaliwa tena. Dada aliuliza kama miezi sita ina maana wana wasiwasi. Daktari akasema ina maana ni utaratibu, kila mtu hurudi. Dada akahesabu kwa vidole, akasema kwa sauti ya chini, lakini Msumari alimsikia, kwamba miezi sita ni makochi mengi sana. Kisha akaanza kucheka, cheko la tumboni, akashika meza.

Alipogeuka kumtafuta mdogo wake hakumwona. Akatazama chini. Msumari alikuwa amechuchumaa ukutani, koleo magotini, analia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Alikuwa anamlilia dada, na alikuwa anamlilia mwingine pia, na dada alijua ni nani. Akamwacha kwanza. Mlangoni akapita mgonjwa, akapita mhudumu na toroli. Kisha dada akamwekea mkono kichwani.

"Inuka, Msumari," alisema. "Watu watadhani picha ni yako."

Aliinuka. Alifuta pua kwa mgongo wa mkono, akamgeukia daktari, na kwa taabu kubwa, maana ulimi ule haukuzoea njia hiyo, akamwambia asante. Halafu, isije ikawa mazoea, akamwuliza ni mkubwa gani aliyeamua kwamba korido nzima hii, yenye wagonjwa wote hawa, iwe na benchi moja.

Daktari akasema hata yeye angependa kujua. Dada alikuwa ameshatoka koridoni, ameanza kulipima benchi kwa mikono.