Nazi za Kaka Gona

Bi Zeina alikataa chai, na hapo hapo nikaanza kumwogopa. Mtu wa Malindi akifika kwetu Kaloleni na kusema hana nafasi hata ya kikombe kimoja, ujue kimemleta kitu kimoja tu.

Alikuwa afisa wa kukagua bidhaa zinazokwenda nje. Alikuja kuhakikisha kwamba nazi tulizokamulia mafuta zimevunwa hapa Kenya. Akiridhika, chupa zetu zitaingia Ulaya bila ushuru. Asiporidhika, mnunuzi atatozwa, na mnunuzi mwenyewe alishatwambia waziwazi kwamba hapo atakwenda kununua kwingine.

Miaka nenda miaka rudi nchi hii imeuza ng'ambo chai, kahawa na maua. Sisi watu wa minazi tulibaki kumpakilia dalali wa Mombasa nazi kwa bei aliyoitaka yeye, au kugema tembo, ile pombe ya mnazi, tukanywa wenyewe. Ni ile nafuu ya ushuru iliyomfanya mtu wa mbali atutupie jicho. Mimi Kabibi, mwenyekiti wa kikundi, niliihubiri nafuu hiyo mpaka wenzangu wakanichoka. Siku hiyo hawakuwa wamechoka. Walishanunua leso za sare za kuagia lori la kwanza, na lori lilikuwa linakuja alasiri.

"Nataka nione shamba moja," Bi Zeina alisema. "Ni nani aliyeleta nazi nyingi kuwashinda wenziwe?"

"Kaka yangu Gona," nikajibu, tena kwa majivuno.

"Basi twendeni kwake."

Sikuwa nimekanyaga shamba lile tangu tumzike mama mwaka uliopita. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, na sikuwa na moyo wa kuliona. Nazi za Gona zilitufikia kiwandani zikiwa zimeshafuliwa, yaani zimevuliwa makumbi, yale maganda ya nje. Alisema anazifulia nyumbani ili wanawe wapate makumbi ya kupikia, nami niliona ni jambo la maana.

"Shikamoo, mzee," Bi Zeina alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana." Kaka aliitikia kwa sauti kubwa mno. Mimi namjua tangu utotoni. Akipaza sauti hivyo, ana jambo.

Nikaangaza macho uani. Mtu aliyefua nazi zote zile angekuwa na rundo la makumbi la kufikia kiuno. Uani kwa Gona palifagiliwa pakang'aa, na jikoni mkewe alikuwa anapikia kuni. Nikatazama juu.

Kwenye kila mnazi, pale nazi zinapopaswa kuning'inia, kulikuwa na vidumu vya plastiki vilivyofungiwa kwenye makarara ya maua. Minazi yote ilikuwa inagemwa. Mnazi unaogemwa unatoa tembo, hauzai. Hata mtoto wa kwetu analijua hilo.

Bi Zeina alikuwa ameinamia simu yake, anapiga picha vigogo na mipaka ya shamba. Mtandao ulipomsumbua akasogea barabarani kuutafuta. Nikamrukia kaka yangu.

"Nazi ulizileta kutoka wapi?"

"Punguza sauti, dada."

"Wapi, Gona?"

"Nilinunua Vanga, kule mpakani, kwa mtu. Nazi ni nazi, Kabibi! Ulinipigia simu ukasema kikundi kimepungukiwa, nikakusaidia. Ningekuacha uaibike?"

"Na minazi ya baba umempa nani?"

Alinitazama kwa uchungu, siyo kwa aibu. "Mgema. Nilimwachia yote, mpaka mwaka huu uishe. Lile tembo la matanga ya mama, lililowatosha wazee wote wakasema mama amezikwa kwa heshima, wewe ulidhani limetoka wapi? Ulilisifu mwenyewe. Sikuwa na kitu kingine cha kumlipa mgema."

Nilitamani kumpiga. Nilitamani pia kumkumbatia. Sikupata nafasi ya lolote, maana Bi Zeina alikuwa amesharudi na simu yake mfukoni.

"Shamba limenipendeza," alisema. "Sasa, mwenyekiti, naandika kwa kauli yako. Wanithibitishia kuwa nazi za mzee Gona zimetoka kwenye minazi hii?"

Kaka alinikazia macho. Laiti nazi zake zingekuwa kando! Lakini sisi tulizoea kuchangia kila kitu pamoja, kama tunavyochanga arusini, na mafuta ya kila mtu yalimiminwa tangi moja. Nikisema kweli, yanapotea pamoja na ya wajane wa kikundi ambao hawajakosea kitu. Nikisema uongo, lori linaondoka. Na yule mama wa Malindi alikuwa hajainua shingo hata mara moja. Neno moja tu lilitakiwa, nami nilikuwa nalo mdomoni.

Kisha nikawaza: atakuja mwingine, hapa au huko Ulaya, atakayejua mnazi unavyogemwa. Siku hiyo hawatasema Gona. Watasema Kaloleni.

"Bi Zeina," nikasema, "tazama juu."

Akatazama. Alikawia kuelewa, kisha nikaona uso wake unabadilika.

"Mzee, zile nazi zilivunwa wapi?"

"Nilizinunua Vanga."

"Kabla ya kufika Vanga?"

"Sikuuliza," kaka alisema, na sauti yake haikuwa kubwa tena.

Bi Zeina alishusha pumzi. "Shehena hii siwezi kuipitisha. Kama ingekwama huko iendako, jina lenu lingechafuka lisisafishike. Anzeni upya. Kila shamba na pipa lake, msichanganye. Mkiwa tayari, niiteni, nitakuja."

Bi Zeina aliondoka. Kaka alivua shati, akapanda mnazi wa kwanza mwenyewe, kwa umri ule, akakata kamba za vidumu na kuviteremsha. Nilidhani ana hasira. Akakichukua kimoja kilichojaa, akazunguka nyuma ya nyumba, nami nikamfuata pale nilipopakimbia mwaka mzima.

Alimimina tembo taratibu juu ya kaburi.

"Mama," alisema, "hili ndilo la mwisho. Mgema nitajua la kumwambia. Binti yako anataka nazi."

Nililia kama siku ya kumzika. Kaka alinishika bega, akaniacha nilie.

Kisha nikajifuta uso, nikashika njia ya kiwandani. Tangu mbali niliwasikia wanaimba. Walikuwa wamejipanga kando ya barabara na leso zao mpya, wanalisubiri lori, na waliponiona wakaanza kupiga vigelegele.