Mkate wa Savri

Asubuhi ya kumpeleka Savri mjini, Daktari Munavvara alichemsha chai ya kijani pale zahanati, akamtoa mchunga mbuzi nyuzi za kidonda, kisha akamnyooshea Savri mkate mzima wa tanuri. Savri akauma upande mmoja. Ndivyo bonde letu linavyomuaga msafiri: anauma, mkate unatundikwa ukutani, naye akirudi anaumalizia.

Wasafiri wengine huuacha nyumbani. Wagonjwa huuacha zahanati, kwa sababu hospitali kubwa haijawahi kumjibu Munavvara hata neno moja juu ya mtu aliyempeleka, lakini mkate hujibu. Mgonjwa akitundikiwa maji, mkate hulowa. Akipasuliwa, huota mshono. Akilala vizuri, hupumua taratibu. Munavvara huupima homa kila anapopita.

Savri alikuwa na moyo mbovu na mtoto anayenyonya. Penisilini kwake ilikuwa sumu. Iliwahi kumvimbisha koo papo hapo zahanati. Munavvara aliyaandika hayo kwa wino mwekundu kwenye barua ya kwenda hospitali, kisha akampigia simu bingwa wa moyo, Daktari Ikrom, mtoto wa kijiji chetu, ambaye tuliuza kondoo kumsomesha hadi akahitimu.

"Dada, wewe lala usingizi," Ikrom akasema. "Savri si dada yangu pia?"

Kesho yake mkate ukatoka vipele. Kufikia mchana ulikuwa umevimba hadi pengo alilouma Savri likaziba. Nazrullo, mume wa Savri, alikuwa akimbembeleza mtoto. Akautazama.

"Wamemchoma penisilini."

"Naona," Munavvara akajibu, simu i sikioni.

Ikrom alipokea akiwa wodini.

"Ikrom, mkate wa Savri umevimba. Simamisha hiyo sindano sasa hivi."

"Umevimba wapi?"

"Pale alipouma."

"Basi ni penisilini," Ikrom akakubali. "Mikate ya huko kwenu haijawahi kukosea."

"Huko kwenu? Umezaliwa wapi wewe? Unangoja nini?"

"Dada, nimesimama na wanafunzi hapa. Dawa nimeandika mimi. Nikiifuta kwa simu ya zahanati, kesho nani ataniheshimu? Ngoja nimalize mzunguko."

"Na barua yangu?"

"Barua zenu zinanuka mafuta ya kondoo, nani azisome?"

Wanafunzi walisikika wakicheka.

Mzunguko ukachukua muda wake. Nazrullo aliutungua mkate akaupakata pamoja na mtoto. Jua lilipofika dirishani ukaacha kupumua. Hakuna aliyempigia simu Munavvara kumwambia, wala hakuna aliyengoja kuambiwa. Wanawake walianza kuchota maji ya kuoshea maiti kabla maiti haijatoka mjini.

Ikrom alikuja mazishini kwa gari jeupe, akala pilau, akalia machozi ya kweli.

"Tatizo letu ni mawasiliano," aliwaambia wazee.

Mama yake Nazrullo alikuwa akigawa chai. "Alikupigia, mwanangu," akasema. "Na ukapokea."

Ikrom akanywa chai yake.

Kabla theluji haijafunga njia, waraka ukaja kutoka hospitali. Ili kuboresha mawasiliano baina ya zahanati na mabingwa, mkate wa mgonjwa usibaki tena kijijini. Uende naye, ukatunzwe hospitali, chini ya kamati maalumu. Mwenyekiti: Daktari Ikrom. Munavvara aliusoma waraka kwa sauti, nasi tukamsikiliza. Hatukushangaa. Watu hawa tunawajua tangu baba zetu: ukiwaonyesha ufa, wanalipaka rangi dirisha ulilochungulia.

Sasa wagonjwa wetu huuma na kuondoka na mikate yao kwapani. Wafagizi wa hospitali, ambao baadhi yao ni watu wa bonde hili, wanasema yote hurundikwa kwenye ghala la chini, karibu na wodi ya moyo. Humo inalowa, inaota mishono, inavimba. Mingine hugonga mlango mchana kutwa. Ikrom akipita na wanafunzi wake husimama kidogo, hutambua ni mkate wa nani unaogonga, kisha huendelea na mzunguko.