Wadudu wa Tumboni

Ukame wa miaka miwili ulikuwa umemnyang'anya Naftali mizinga sita, akabaki na mmoja tu wa sanduku, nyuma ya shamba lake la alizeti pale Mwankoko. Huo ndio uliokuwa mbegu yake. Ukifa, ufugaji umekwisha, kwani umri wa kupanda miti na kutega mizinga mipya ulikuwa umempita. Kwa hiyo Luciana, afisa nyuki, alipoufunua asubuhi moja na kusema kwa furaha kwamba nyuki wale wana wadudu wengi tumboni, Naftali alisikia hukumu. Hakuuliza. Mtu aliyefuga nyuki tangu ujana angeulizaje habari za tumbo la nyuki mbele ya binti wa juzi? Alishukuru, na jua halijawa la utosi alikuwa ameshafika kwenye duka la dawa za mifugo.

Alinunua unga wa manjano wanaopewa kuku, akaukoroga katika maji ya sukari, akawawekea. Wakanywa. Siku ya nne mlangoni pa mzinga palitanda mizoga, na waliosalia walitambaa wakiburura mbawa. Akaongeza dawa.

Mkewe, Severina, ndiye aliyempigia Luciana simu kwa siri. Binti alifika, akatoa shikamoo, akaokota nyuki mmoja mfu, kisha akaliona kopo la ile dawa.

"Baba, nani alikwambia wanaumwa?"

"Wewe. Ulisema wana wadudu."

"Nilikuwa nawasifu, baba."

Severina akaketi chini kwa kicheko. "Mwanangu, huyu miaka arobaini nikimsifu hutafuta dawa."

Luciana hakucheka. Alijilaumu mwenyewe na neno lake, kwa kuwa Kiswahili humwita mdudu arukaye na asiyeonekana kwa jina moja. Akaeleza kwamba ndani ya utumbo wa nyuki huishi umma wa vijidudu, ambao humsaidia kusaga chavua na kumkinga na maradhi. Nyuki hazaliwi nao. Atokapo kitunduni mwa sega alimolelewa, tumbo lake karibu ni tupu, naye huwapokea kwa kuishi na wakubwa zake. Dawa isiyojua rafiki wala adui ilikuwa imewafagia.

"Wanauzwa wapi?" Naftali aliuliza kwa unyonge.

"Hawauzwi. Huombwa kwa nyuki wazima. Na sikuahidi, baba, huenda tumechelewa."

Jirani yao Emilian alitoa sega moja la majana, watoto wa nyuki wasioruka bado, pamoja na nyuki walezi walioling'ang'ania. Wakalipandikiza katika mzinga wa Naftali kwa moshi mwembamba wa kuwatuliza nyuki. Kopo likatupwa, na Naftali akaambiwa kwamba asali ya msimu ule asiile wala asimpe mtu.

Wiki ya kwanza mizoga haikupungua, naye Naftali hakula vizuri. Ya pili ikapungua. Ya nne alizeti zikachanua, na nyuki wakarudi na miguu ya dhahabu kwa chavua. Siku hiyo Naftali aliinua kifuniko. Nyuki mchanga, mwili ungali na vinyweleo vya kijivu, alisimama ukingoni mwa kitundu, akamnyooshea mkubwa ulimi. Mkubwa akamlisha. Jambo hilo Naftali alikuwa ameliona mara elfu, akidhani ni chakula tu. Kumbe wanapogusana hivyo hukabidhiana majeshi ya vijidudu, pasi na nyuki mwenyewe kujua, kwa hekima ya Yule aliyemwumba.

Alikishusha kifuniko polepole sana, asije akawakatiza.