Lugha Mbili kwenye Meza Moja

Ko, ko, ko. Kijiko kilikuwa kikigonga meza, na sauti ya mwanamke mzee ikafuata, kali kama ya mwalimu wa zamu: "Stil! Bly stil, man!" Kimya! Nyamaza, bwana!

Deo, mhudumu wa kuogesha wazee, aliusukuma mlango wa chumba cha kulia kwa bega, mikono imejaa mataulo, akawakuta palepale alipowaacha asubuhi. Bibi Hester, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa ameziba masikio. Mzee Caetano, mzaliwa wa Goa kule India, alikuwa ameshika kijiko, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

Wazee hao wawili Kiingereza kilikuwa kimewatoka. Uzee huanza kumnyang'anya mtu alichojifunza mwisho, ukamwachia alichonyonya. Bibi Hester alibaki na Kiafrikana, Mzee Caetano akabaki na Kikonkani, na wakuu wa makao yale ya wazee pale mjini Sugar Land, ughaibuni, wakawaketisha meza moja kwa sababu, eti, lugha zao zinafanana na wanaelewana.

Yangeishia kwenye meza, Deo angevumilia. Lakini Alhamisi, siku ya kupimwa kumbukumbu, waliletewa mkalimani mmoja wa simu kwa wote wawili. Mkalimani wa Kiafrikana. Bibi Hester akapata ishirini na mbili juu ya thelathini. Mzee Caetano, aliyeulizwa maswali yaleyale kwa lugha aliyoijua kwa kukemewa tu, alikaa kimya. Akaandikiwa sifuri. Leo saa kumi binti yake Tania angefika kutoka Dallas kutia saini fomu, kisha mzee ahamishiwe upande wa milango ya kufuli, wanakowekwa wasiojua tena wao ni nani.

Deo alibwaga mataulo kitini akaenda moja kwa moja ofisini kwa Kathure, muuguzi mkuu wa zamu, Mkenya wa Meru. Alichomoa daftari mfukoni. Kwa miezi mitatu, kila alipowaogesha wazee wale, alikuwa akigusa kitu na kuuliza jina lake, kwa bibi kwanza, kisha kwa mzee.

"Dada, ona. Maji: bibi anasema water, anaitamka 'vata', mzee anasema udok. Nyumba: huis, ghor. Samaki: vis, nustem. Usiku: nag, rat. Sasa niambie, wanaelewana wapi?"

Kathure hakuondoa macho kwenye kompyuta. "Deo, wewe uli-hire-iwa kuosha watu. Hiyo mambo ya lugha wachia wenyewe."

"Wenyewe ndio bamemupa sifuri! Ule mzee iko na akili yake yote."

"Ati 'iko na akili'?" Kathure akacheka, akageuza kiti. "Skia huyu! Kiswahili chenyewe kimekushinda, sasa unakuja kutufunza Kikonkani. Nyinyi watu wa Congo mlikivunja hiki Kiswahili hadi mifupa."

Damu ilimpanda Deo kichwani. Kiswahili hicho ndicho mama yake alichombembelezea kwao Uvira, ndicho alichoombolezea katika kambi ya wakimbizi, na ndicho Deo anachonunulia vitunguu mtaani Gulfton hadi leo. Na si mara ya kwanza mtu kukicheka mbele yake kama nguo iliyotoboka matakoni.

"Cheka, dada. Kiafrikana nacho kilichekwa, kikaitwa lugha ya jikoni. Kikonkani kikaitwa lugha ya watumishi. Wenye kucheka walikuwa watu wakubwa kama weye."

"Si basi zinafanana? Umejijibu mwenyewe."

"Zinafanana matusi, hazifanani njia!" Deo alipiga meza kwa kiganja. "Kikonkani kilipigwa marufuku na Wareno waliotawala Goa, kikakimbilia jikoni na kwenye nyimbo, kikatoka mzima, leo watu wanakiandika kwa hati tano, aina tano za herufi. Hakikumpiga mtu. Kiafrikana kilipewa serikali, kikapewa polisi pia. Watoto weusi walipokataa kusomeshwa kwacho, walipigwa risasi. Kilidharauliwa, kikakua, kikadharau wengine. Sawasawa na weye hapo kwenye kiti."

Kathure alisimama. "Chunga mdomo wako."

"Na bado kila asubuhi namwosha Bibi Hester, namwamkia kwa lugha yake. Juu yeye hakunikosea kitu. Na mzee naye hakuwakosea kitu ninyi."

Mlango ukafunguliwa. Tania aliingia, mama wa miaka hamsini hivi, macho mekundu kwa mwendo wa barabara, kalamu tayari mkononi. Kathure akamsogezea fomu haraka. Deo akaweka kiganja juu ya fomu hiyo, akasema kwa Kiingereza:

"Mama, baba yako aliulizwa kwa lugha ya huyu bibi wa Afrika Kusini. Si kwa yake."

Tania aliwatazama wote wawili. "Mimi yake siijui," akasema taratibu. "Nyanya yangu alitukataza. Alisema ni ya watumishi."

"Njoo."

Kwenye chumba cha kulia, Kathure akiwafuata na fomu mkononi, Deo alipiga magoti kando ya mzee, akamwelekezea kidole Tania, akauliza kwa Kikonkani chake cha kuokoteza: "Hem konn?" Huyu ni nani?

Mzee Caetano alikiweka kijiko chini. "Mhoji dhuv," akasema. Binti yangu. "Tania." Kisha maneno yakamtoka kama maji yaliyovunja kingo, ya miezi yote ile, na katika mafuriko hayo Deo aliambulia moja tu: ghor, nyumba. Nyumba, nyumba, nyumba.

Tania hakulia. Uso wake ulikazika kama ngoma iliyowambwa upya. Alimgeukia Kathure, akaichukua fomu, akaichana vipande viwili, akasema hatasaini chochote mpaka apatikane mkalimani wa Kikonkani, na kwamba jioni hii baba yake anakula meza nyingine.

Kathure alikubali kwa kichwa. Alingoja Tania amwondoe baba yake pale mezani, kisha akamvuta Deo ukutani.

"Nitakuandikia warning. Umenidharau mbele ya family ya mgonjwa. Ukirudia tena, unaenda nyumbani."

"Andika," Deo alisema, na hakupunguza sauti. Wahudumu wawili wakageuka kutazama. "Lakini sikia, dada Kathure. Mtu yeyote mwenye mtamupa sifuri kwa lugha isiyo yake, nitarudilia. Mukinifukuza, nitakuja kama mgeni, nitaketi pale mapokezi, na nitarudilia. Nakuahidia."