Loveness Alivyokaa Chini

Winfrida alikuwa akimenya ndizi za kupikia kiburu, ndizi na maharage, jikoni kwake, Old Moshi, mwanawe Loveness aliporudi shule na rangi ya kijani puani. Darasa la tatu walikuwa wanajifunza habari za Bibi Theopista, mpigania haki wa zamani aliyekaa katikati ya njia na kugoma kuinuka mpaka watu wa chini wakaruhusiwa kuchota maji ya mfereji. Mwalimu Praygod hakutaka wakariri tu. Aliwasomea kitabu, wakapaka picha rangi, wakamfinyanga bibi kwa udongo, kisha akawatoa uwanjani wajifunze kukaa.

"Miguu mbele, mikono mapajani," Loveness alimwonyesha mama yake palepale sakafuni. "Halafu unakuwa mzito. Mwalimu kasema uzito unatoka kwenye haki yako."

"Inuka huko, sketi yenyewe ndiyo hiyo hiyo."

Winfrida alimwinua kwa taabu, akadhani mtoto ananenepa. Mzazi mwingine asidhani hivyo.

Kesho yake akaja shemeji yake Sifael, mdogo wa marehemu mumewe, ameshika jani la sale kwa mikono miwili.

"Shemeji, nimekukosea. Nipokelee."

Kule mlimani sale halikataliwi. Ukilipokea umeshasamehe, ukilikataa unajitafutia laana. Winfrida alijua Sifael alimtolea maneno machafu msibani, akaona heri leo kayakumbuka. Akafuta mkono kwenye kitenge, akapokea. Hakuuliza kosa gani.

"Ahsante kwa moyo wako," Sifael alisema. "Kihamba cha kaka nimekiuza."

Kihamba ndilo shamba la ukoo, lenye nyumba ya Winfrida na kaburi la mumewe. Wazee wa ukoo walikaa kikao kwa Sifael, mbele ya pombe ya mbege.

"Mama Loveness, ulipokea, hukupokea?"

"Nilipokea, baba, ila sikujua..."

"Basi. Sale likishapokelewa hatufukui tena."

"Na angekuwa na wa kiume tungeona pa kushikia," mwingine alisema, akafuta povu mdomoni. "Sasa huyu wa kike tumshikie wapi?"

Wakacheka kidogo, kwa adabu.

Katapila lilipofika kusafisha kihamba ili mnunuzi ajenge hoteli, Loveness alitoka na sare yake ya shule, akakaa chini katikati ya kahawa. Miguu mbele, mikono mapajani. Dereva alishuka akamwomba vizuri. Wanaume wanne wakamshika makwapani, wakatoka jasho, wakamwachia. Wakamfunga mnyororo, mnyororo ukakatika. Dereva akasema kule Sanya Juu aliwahi kukutana na jiwe la namna hiyo, dawa yake ni kulizunguka. Wakamzunguka. Migomba ikalala, kahawa ikang'olewa, kaburi la baba yake likapandwa maua.

Hoteli ilipokwisha, Loveness alijikuta kwenye ukumbi wa chakula, karibu na dirisha linalotazama kilele cha Kibo. Wahudumu wanapiga deki wakimkwepa. Wageni wanaoshuka mlimani humsalimia, wengine humwachia biskuti. Mwalimu Praygod alimpa alama zote za zoezi lile, na kila muhula analeta darasa jipya. Watoto wanamzunguka sakafuni, wanamchora, wanampaka rangi. Kisha wanainuka, wanajikung'uta vumbi, wanarudi makwao.

Winfrida amepanga chumba Majengo, Moshi mjini. Asubuhi anapandisha na hotipoti ya kiburu, anaingilia mlango wa jikoni. Siku ya kwanza naye alijaribu kukaa. Alinyoosha miguu, akaweka mikono mapajani, akafumba macho, akasubiri uzito. Akaja mlinzi, kijana aitwaye Ebenezeri.

"Shikamoo, mama. Samahani, wageni wanataka kupita."

Akamnyanyua kwa mkono mmoja, kama mtu anayeokota jani kavu la mgomba. Winfrida hakubisha. Mkono wake ulishapokea.

Juzi Loveness aliacha kutafuna.

"Mama, kwenye kitabu, bibi alipokaa, ukifunua tu ukurasa unaofuata wanakuja watu wote wanakaa naye."

"Najua, mwanangu."

"Sasa huo ukurasa mbona haufunuliwi?"

Winfrida alimfuta mdomo kwa ncha ya kitenge. Nyuma yao wahudumu walikuwa wanapanga viti vya kifungua kinywa, na viti vilikuwa vingi.

"Kula," alimwambia. "Kula kabla hakijapoa."